Mtoto Ametahiriwa Majuzi: Je, Apewe Chanjo?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu na dada zangu wa Thika na Ruiru.

Leo sitaongea mengi. Nataka tuongee jambo moja linalotusumbua sisi wazazi, na mara nyingi tunanyamaza tu.

Mama mmoja wa hapa kwetu alimtahiri mwanawe Jumamosi. Jumanne ilikuwa siku yake ya kliniki, mtoto ametimiza miezi 9, anangojewa sindano ya surua na rubela. Alipofika mezani akaambiwa, "Huyu bado ana kidonda, mrudishe akipona." Akarudi baada ya wiki tatu, akaambiwa dawa imeisha. Nauli mara mbili, na mtoto bado hana kinga. Surua haingoji mtu apone kidonda.

Sasa wewe mzazi elewa hivi: upasuaji mdogo peke yake sio sababu ya kuahirisha chanjo. Tohara, kung'olewa jino, kupasuliwa jipu, kushonwa jeraha, hata hijama, hakuna kati ya hayo kinachoharibu kazi ya chanjo. Dawa ya ganzi haiiharibu. Antibayotiki za kawaida haziizuii sindano ya chanjo kufanya kazi.

Na kama una shaka, jiulize: mtu akikanyaga msumari leo, anadungwa lini sindano ya pepopunda? Si leo leo? Anadungwa kwa sababu ana kidonda. Basi kidonda kingekuwa kinakataza chanjo, huyo tungemfanya nini?

Yapo mambo ambayo ni lazima umwambie nesi kabla mtoto hajadungwa. Mwambie kama ana homa kali au ni mgonjwa sana siku hiyo. Mwambie kama chanjo iliyopita ilimletea mzio mkali, mfano kufura uso au kushindwa kupumua. Mwambie kama aliongezewa damu, maana hapo chanjo ya surua huweza kusogezwa mbele miezi kadhaa. Mwambie kama damu yake huwa haigandi upesi, au kinga yake ya mwili iko chini sana. Hayo ndiyo ya kupimwa.

Jambo lingine ni homa. Chanjo nyingi huleta homa ndogo siku moja au mbili. Ile ya surua huweza kuleta homa baada ya wiki moja hivi. Kwa hivyo usikimbilie kusema "ni chanjo tu" kama mtoto ametoka tohara. Angalia kidonda. Kikifura zaidi, kikitoa usaha au harufu, kikiendelea kuvuja damu, au mtoto akashindwa kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Na nyinyi mnaojiandaa kwa Hajj, sikizeni. Saudia inataka chanjo ya homa ya uti wa mgongo iwe imetolewa siku 10 au zaidi kabla hujafika. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukiahirisha kwa sababu uling'oa jino wiki hii, unaweza kujikuta tarehe imekupita.

Sasa tuje kwenye haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Kifungu cha 53 kinataja huduma za afya kama haki ya kila mtoto. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu akueleze mambo kwa lugha unayoielewa. Hiyo sio hisani, ni haki yako. Na tukumbuke mwaka 2025 chanjo za BCG na polio zilikosekana vituo vingi nchini. Ukirudishwa leo bila sababu, huna uhakika kesho utaipata.

Kwa hivyo ukirudishwa, usigombane. Manesi wetu wana kazi nyingi, na wengi wanajitahidi. Uliza kwa adabu: "Sababu ni gani? Nirudi tarehe gani? Tafadhali niandikie kwenye kitabu cha kliniki." Bado hujaridhika, omba kumuona msimamizi wa kituo, au nenda kituo kingine cha serikali na kitabu chako mkononi. Chanjo za watoto za ratiba ya serikali ni bure.

Tawakkul ni kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Tumefundishwa hivyo tangu madrasa. Fungua kitabu cha mwanao leo usiku, uangalie ni chanjo gani imebaki.

Allah awape watoto wetu afya na awaponye wagonjwa wetu. Amin. Mfikishie na jirani yako, hata asiye Muislamu, maana surua haiulizi dini.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.