Paa Kwanza: Nyumba za Mji Mkongwe na Fedha za Chama Chetu

(Maneno yaliyosemwa katika hafla ya harambee ya mwaka)

  

Kamati imeniomba niseme juu ya majengo ya mjini kwetu. Mimi ni mhasibu. Sijawahi kushika mwiko wa kupigia lipu, na habari za kale ninazozijua ni zile tulizosimuliwa barazani pamoja na zilizoandikwa kwenye vibao vya Mambo ya Kale. Nadhani nimeitwa kwa sababu mwaka huu jambo hili limekuja kama jambo la fedha. Mezani kwa Kamati kuna nyumba moja ya mawe ndani ya Mji Mkongwe, karibu na Mtaa wa India, ambayo warithi wake wako tayari kuiuza. Wapo wenzetu wanaopendekeza Chama kiinunue, kiibomoe, kisha kijenge jengo la ghorofa tatu la kitega uchumi lenye fremu za maduka chini na ofisi juu. Wapo wanaolipinga. Mimi nimo katika wanaolipinga, na nawaombeni dakika chache nieleze kwa nini.

Kwanza tusidanganyane kuhusu warithi. Ni wenzetu, wengine wamo humu ndani. Nyumba ya babu ina warithi ishirini na kitu, wako Ilala, wako Tanga, mmoja yuko Muscat. Hakuna anayelala humo. Bati limetoboka, mvua inaingia, na kila mwaka wanaulizana nani atoe pesa ya fundi. Mtu wa namna hiyo akisema "tuuze tugawane", msimwite msaliti wa mji. Anataka ada ya mtoto, na ukuta wa matumbawe haulipi ada. Atakayesema nyumba isibomolewe aseme pia warithi watapata nini. Nitalirudia hilo baadaye.

Sasa twende kwenye jengo la kitega uchumi lenyewe. Nimesikia likisemwa kama kwamba faida yake haina mjadala. Tufanye hesabu ya mfano tu, maana makadirio ya mkandarasi bado hayajaja. Chukulia fremu kumi, kila moja shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni shilingi 12,000,000 kwa mwaka, na hapo watu hupiga makofi. Lakini kati ya fremu kumi, chukulia tatu hazina mpangaji. Unabaki na 8,400,000. Toa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, unabaki na 7,560,000. Kama jengo limekugharimu milioni 150, utahitaji karibu miaka ishirini kurudisha pesa yako, na hapo hujalipa mlinzi, hujapaka rangi, wala hujakopa benki kwa riba. Na hizo fremu tatu tupu sikuzitia kwa ubishi. Mnapita wenyewe barabara ya Dar es Salaam, Mapinga, Kerege mpaka kuingia Magomeni. Hesabuni milango ya chuma iliyofungwa ambayo hata tangazo la "fremu inapangishwa" limeshapauka kwa jua.

Tangu makubaliano ya bandari ya Mbegani yaliposainiwa mwaka 2013, kila mwenye kiwanja kwetu anajenga kwa kuingoja bandari. Sisemi wasijenge. Bagamoyo inahitaji nyumba mpya, maduka mapya, zahanati, vyumba vya wanafunzi. Lakini ardhi ya kujengea tunayo. Iko Zinga, iko Kerege, iko nyuma ya Magomeni, tena mtu anaingiza lori la kokoto bila kugusa baraza la jirani. Kilichobaki kidogo ni ile mitaa michache kati ya Ngome Kongwe, Boma na Forodhani. Hatuwezi kujenga Mtaa wa India mwingine Kerege.

Wengi wetu tumeizoea mitaa hiyo hata hatuioni. Hebu tuitaje. Ngome Kongwe, nyumba ya Abdallah Marhabi ya karibu mwaka 1860, ambayo baadaye ilikuwa kambi ya askari wa Kijerumani, kisha gereza. Liku House, walikofanyia kazi Wajerumani walipoufanya mji wetu kuwa makao makuu yao, kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Forodha ya 1895, ambayo leo wauza samaki wanapigia kelele mbele yake. Boma la 1897. Shule aliyoijenga Sewa Haji mwaka 1896, akaitoa kwa sharti ipokee watoto bila kubagua rangi. Huyu Sewa Haji napenda kumkumbusha kila harambee. Alikuwa mfanyabiashara wa humu humu Bagamoyo, na mnaokwenda kutazama wagonjwa Muhimbili mnalijua jengo lenye jina lake. Na kule Misheni kuna mnara wa kanisa la kale, ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa mwaka 1874 mabegani mwa Waafrika waliotembea nao kutoka bara. Wageni huuliza habari za Livingstone. Mimi huwa nawauliza kama wanawajua Susi na Chuma.

Hayo ni majengo yenye vibao. Wasiwasi wangu uko kwenye nyumba zisizo na kibao, zile za watu, zenye baraza, mlango wa nakshi na ukuta ulioinama kidogo. Mji wa kale haushikiliwi na Boma peke yake. Ukitoa nyumba za watu katikati, Boma linabaki limesimama uwanjani kama sanduku.

Mtu ataniambia sheria ipo. Ndiyo, ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Angalieni tarehe hiyo halafu angalieni orodha niliyoisoma sasa hivi: sehemu kubwa ya mji wetu wa mawe imejengwa baada yake. Majengo hayo yanalindwa pale tu yanapotangazwa na Waziri. Eneo la Mji Mkongwe lilikwisha kutangazwa, kwa hiyo hata huo mradi wa ghorofa tatu usingeanza kabla ya kupita Mambo ya Kale na Halmashauri. Wanaopendekeza mradi hawakuitia gharama hiyo ya kusubiri katika hesabu yao, wala uwezekano wa kunyimwa kibali huku pesa za Chama zimeshalipwa kwa warithi.

Kuna jambo jingine katika sheria hiyo ambalo naomba kila familia ilisikie vizuri. Mlango au fremu ya mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya mwaka 1940 ni kitu kilicholindwa kisheria. Haijalishi kama nyumba yenyewe imeanguka. Huwezi kuufanyia biashara wala kuusafirisha nje bila kibali. Wanaokuja na gari dogo la mizigo jioni na kukupa laki chache mkononi wanaijua sheria hiyo kuliko wewe, na wanajua pia mlango huo utauzwa kiasi gani huko unakokwenda. Kijana wa nyumbani anaona ameuza ubao wa zamani. Nyumba ikishapoteza mlango haikai muda mrefu, kwa sababu mbuzi wanaingia, wavuta bangi wanaingia, na mwaka unaofuata mtu anachukua boriti.

Hata hivyo sheria haipandi juu ya paa. Karatasi haizuii mvua ya masika. Mafundi wetu wazee wananiambia jambo moja, na nimelisikia kwao wote: nyumba ya mawe inaanza kufa juu. Ukuta wetu ni matumbawe, udongo na chokaa. Ukiwa mkavu kichwani unakaa vizazi. Bati likitoboka, maji yanaingia katikati ya ukuta, udongo unalainika, boriti inaoza pale inapoingia ukutani, dari inashuka, na dari ikishuka kuta mbili hazina tena kinachozishika pamoja. Methali ya ufa na ukuta mnaijua, sitawachosha nayo. Nasema hesabu yake tu: bati chache na fundi wa siku mbili leo, au ukuta mzima baada ya masika chache.

Na tukishatengeneza paa, tusiharibu kwa saruji. Hapa wengi wenye nia njema ndipo wanapoumiza nyumba zao. Ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, hasa kwetu ambako upepo wa bahari unakuja na chumvi. Ukiupiga lipu ya saruji unauziba. Maji yanabaki ndani, chumvi inasukuma, na baada ya muda mfupi ile lipu mpya inabanduka pamoja na uso wa ukuta. Mwenye nyumba anaona saruji ilikuwa kidogo, anaongeza. Dawa ni chokaa. Wazee walichoma matumbawe kwa magogo. Leo hatuwezi kumaliza matumbawe wala mikoko, lakini chokaa ya mawe inachomwa Tanga, na ni safari ya lori tu. Kinachokwisha kwa haraka zaidi ni mafundi. Wanaojua kuilaza chokaa na kuiponda sakafu ni wazee, na vijana wao wanajenga bloku Bunju.

Wenzetu wa pwani wametuonyesha njia zote mbili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na nyumba za watu kule zinalaza wageni na kulipa warithi. Lakini jina peke yake halitoshi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka Forodhani likiwa katika kutengenezwa, na watu wawili wakafa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 zikatolewa mwaka 2014, baada ya kazi ya miaka. Sisi tumo kwenye orodha ya awali tangu 2006, kupitia ile njia ya misafara ya watumwa na pembe. Kuwa kwenye orodha ya awali ni kama kuandikwa jina kwenye usaili. Wakija kutazama na wakakuta fremu za vioo mtaani, sijui tutawaonyesha nini.

Sitawaahidi kwamba kila nyumba itakuwa hoteli. Wageni wengi wa kwetu wanakuja asubuhi kutoka Dar es Salaam, wanatazama Misheni na Kaole, wanakula pweza, jioni wamerudi. Nyumba chache zitapata wageni wa kulala. Nyingine ziwe ofisi za mawakili, madrasa, chumba cha kusomea, duka la mtu aliye na akili ya kuuza kitu kingine zaidi ya vocha. Na wengine waishi humo, maana mji usiolala mtu hautunzwi na mtu.

Kwa hiyo napendekeza hivi kuhusu nyumba iliyo mezani. Chama kisinunue. Kipange kwa mkataba wa miaka mingi, kilipe warithi sehemu ya kodi mbele, kitengeneze paa kwa chokaa, boriti na bati zinazotakiwa, kiweke ofisi yake humo na kupangisha vyumba vingine. Umiliki unabaki kwa familia. Mwenzetu mwenye ada ya mtoto anapata kitu mwaka huu, na nyumba ya babu haijaondoka. Sharti ni moja: warithi waende Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi ateuliwe, tusaini na mtu mmoja mwenye mamlaka. Bila hilo mimi kama mhasibu siwezi kuwashauri mtoe hata shilingi, hata kama warithi wote ni jamaa zangu. Nyumba nyingi za mjini kwetu zimekufa kwa mirathi isiyofunguliwa kuliko kwa mvua.

Pesa itakayobaki, na itabaki, maana paa moja si ghorofa tatu, iwe mfuko wa mikopo midogo ya paa. Mwenye nyumba ya mawe anakopa bati na ujira wa fundi bila riba, anarudisha kidogo kidogo. Kila kazi iwe na kijana mmoja au wawili wanaofundishwa na fundi mzee, na Chama kiwalipe vijana hao posho. Sehemu hiyo ya mwisho nisingependa ikatwe wakati wa kubana bajeti, ingawa najua ndiyo itakayokatwa kwanza.

Najua wenye mradi wa ghorofa watajibu, na wana haki. Naomba waje na makadirio ya mkandarasi, barua ya Halmashauri na barua ya Mambo ya Kale, tuyasome pamoja katika mkutano mkuu kabla ya kupiga kura. Mimi nitaleta makadirio ya paa. Fundi amekwisha kupanda kulipima, na ameniambia tusipitishe masika ijayo.

Fomu za ahadi ziko kwa Mweka Hazina, meza ya kulia mlangoni. Atakayetoa taslimu adai risiti.