Kabureta Isivunje Kikundi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)

 

Najua mmekuja kusikia habari ya mikopo. Tutafika huko. Kwanza naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachotoshea kiganjani, ambacho kimeleta maneno mengi vikundini kuliko hata riba. Ni kabureta.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo vikundi vingi vilichanga pesa vikanunua. Nyingine kati ya hizo zimezeeka, lakini bado zinabeba maziwa asubuhi, abiria mchana, mananasi jioni. Halafu siku moja mweka hazina anaona petroli inaisha haraka na pesa zinazoletwa zimepungua. Kijana akiulizwa anasema, "Ni injini inakunywa." Nani atamwamini? Kikundi kimoja upande wa Ruiru kilimtoa kijana wake, kikaweka mwingine, na petroli ikaendelea kuisha vile vile. Hapo ndipo mzee mmoja akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuitazama kabureta. Ilipofunguliwa, tundu la jeti lilikuwa limechokolewa kwa waya mpaka likapanuka. Kijana wa kwanza aliitwa akaombwa msamaha mbele ya wote, na hilo halikuwa jambo rahisi kwa wazee.

Sasa tuelewane. Petroli hutoka kwenye tangi ikaingia ndani ya kibakuli kilicho chini ya kabureta. Humo mna floti inayoelea. Kibakuli kikijaa, floti inainuka na kusukuma sindano, mlango unafungwa, kama ile boya ya tangi la maji nyumbani. Injini ikivuta hewa, hewa hiyo inavuta petroli kupitia jeti, ambazo ni vipande vya shaba vyenye tundu dogo sana. Jeti ndogo ni ya injini ikiunguruma pole pole. Kubwa ni ya mwendo.

Kwa hiyo pikipiki yenyewe inakuambia inapoumwa. Ikiwa inazima ukiachilia mafuta, au haitaki kwenda bila choki, shuku jeti ndogo imeziba. Petroli ikidondoka chini ikiwa imesimama, tazama sindano ya floti. Labda imelika au imeshika uchafu. Moshi mweusi na plagi yenye masizi ni dalili kwamba petroli imezidi hewa. Lakini hapo angalia filta ya hewa kwanza, kwa sababu vumbi letu la barabara za mashambani linaiziba upesi, na kabureta inalaumiwa bure.

Kuisafisha si uchawi. Fanyeni nje, mbali na jiko na sigara. (Akina mama, chai ichemkie upande wa pili wa kiwanja.) Fungeni petroli, mwage iliyo kwenye kibakuli, mtoe kabureta, na kila kipande mkiweke juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu kilivyotoka. Kabla ya kutoa ile skrubu ndogo ya pembeni, ikazeni pole pole mpaka iguse tu, mkihesabu mizunguko, muandike. Mkiirudisha, iguseni tena kisha mwifungue mizunguko ile ile. Osheni vipande vya chuma. Raba msiziloweke kwenye petroli, zinavimba. Jeti inueni juani: mkiona mwanga wa duara safi, ni nzuri. Kama imeziba, pulizeni kwa upepo wa pale wanapoziba panchari, kamwe si kwa waya. Shaba ni laini. Iliyokwisha kupanuka haiponi, inunuliwe nyingine, pamoja na sindano na gasketi zilizochoka. Msikubali kuuziwa kabureta nzima kabla hamjaonyeshwa kilichoharibika. Fundi mwaminifu hakasiriki akiombwa kuonyesha.

Lakini ukisafisha kabureta na kuacha tangi lina kutu, utarudi baada ya wiki mbili. Mwageni petroli yote, mwoshe tangi, mweke filta kwenye mpira wa petroli. Na hii petroli ya chupa za barabarani! Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Kuchanganya kwa macho hamtakutambua. Maji, ndiyo: wekeni petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, itulie, maji ni mazito, yatakaa chini.

Neno kwa waweka hazina. Fungueni daftari la pikipiki. Andikeni lita zilizonunuliwa na kilomita zilizotembewa. Kama mita imekufa, hesabuni safari, mathalani Ruiru hadi Thika mjini na kurudi. Andikeni pia siku kabureta iliposafishwa na kipande gani kilibadilishwa. Petroli ikianza kuzidi, fungueni daftari hilo, kisha kabureta, kabla ya kuitisha kikao cha kumjadili mtoto wa mtu.

Wenye maswali waniulize wakati wa chai. Sasa toeni vitabu vyenu, tuingie kwenye mikopo.