Ndovu, Nyuki na Shamba la Kesho
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Voi)



Swali mlilonipa ni hili: je, kilimo kina kesho huku kwetu, au vijana waende Mombasa tu? Mimi nasema kinayo, lakini si kile cha kupanda mahindi matupu halafu kungojea mvua. Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, imechukua kama asilimia 62 ya Taita Taveta. Ongeza mashamba makubwa ya mkonge. Sisi tunalima kwenye masalio, na ndovu anapita hapo hapo. Usiku mmoja tu, karo ya mtoto imeliwa. Sheria ya mwaka 2013 inaruhusu fidia ya mimea, na mpige ripoti kila mara. Lakini fidia huchelewa, na tumbo halingoji.

Sasa tazameni wenzetu wa Sagalla ya chini. Wakisaidiwa na shirika la Save the Elephants, walizungushia mashamba mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao. Mnyama mkubwa vile, na ngozi ile, anamkimbia nyuki! Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mimea ikiwa imestawi, kati ya ndovu 100 waliokaribia, hadi 86 walizuiwa. Tena kuna asali ya kuuza.

Lakini si dawa ya kila kitu. Ukame wa mwaka 2017 ulihamisha nyuki. Mizinga yenye nyuki ilipungua kwa robo tatu. Na ua wa mtu mmoja waweza kumsukuma ndovu kwa jirani, ndiyo maana hii ni kazi ya kikundi.

Kwa hivyo, kabla ya vuli, kaeni chini. Mashamba yapi yako kwenye njia ya ndovu? Nani atakagua waya? Pesa za asali zitagawanywaje? Hili la mwisho ndilo huvunja vikundi, mnajua wenyewe. Liandikeni kabla asali haijatoka. Penye mahindi matupu, sehemu iwe pojo, kunde au mtama. Na vijana wapeni mizinga waisimamie, wasibaki kutumwa maji tu.

Haya, maswali. Tuanze na akina mama.