Apolo Chini ya Ardhi: Maneno ya Kiingereza na Maana Zinazozaliwa Arusha

Mhadhara wa umma uliotolewa jijini Arusha



Nimepewa mada ya maneno ya Kiingereza na namna yanavyotoka katika maana ya kawaida kwenda katika maana ya kitamathali. Vitabuni mada hii hufundishwa kwa mifano ya London. Mimi nitatumia mifano ya Mererani, Momella na barabara ya Moshi, kwa kuwa nina dai moja ninalotaka kulitetea mbele yenu. Neno la kigeni likishaingia kwetu, maana yake mpya hufuata njia ambazo Kiswahili kilikwisha kuzichonga kabla halijaja. Likilazimishwa kufuata njia za Kiingereza, hulegea.

Tuanze na Mererani. Ukitoka hapa kwa barabara ya Moshi, ukafika njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ukakata kulia, unaelekea machimboni. Zamani machimbo hayo yalikuwa ya mkoa wetu. Tangu 2002 yamo mkoa wa Manyara, wilaya ya Simanjiro, ingawa watu wake na fedha zake tumeendelea kuwaona mitaani kwetu. Huko utamkuta kijana ametoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, taa kichwani, vumbi jeusi la kinywe limemwingia mpaka kwenye kope. Muulize anafanya kazi gani. Hatasema yeye ni mchimbaji mdogo; hilo ni neno la Wizara ya Madini. Atasema, "Mimi mwanaapolo."

Apolo huyo ametoka mbali. Kwa Wagiriki wa kale alikuwa mungu wa mwanga na muziki. Wamarekani wakalichukua jina lake wakaupa mpango wao wa kupeleka watu mwezini, na tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong akatua huko na chombo cha Apollo 11. Miaka miwili nyuma, 1967, tanzanaiti ilikuwa imegunduliwa Mererani, na Serikali yetu inamtambua Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jiwe hilo jina tunalolitumia leo. Jiwe na roketi, kwa maneno mengine, ni watu wa rika moja.

Maelezo yanayotolewa machimboni kuhusu jina hilo ni mafupi: anayeshuka kwenye duara ni sawa na aliyepanda Apolo. Anakwenda mbali kusikofikiwa na watu, hewa anapelekewa kwa mpira unaosukumwa na kompresa, na waliobaki juu hawana la kufanya ila kungoja. Akirudi, anaweza kurudi na utajiri.

Tazameni kilichochukuliwa na kilichoachwa. Mwezi umeachwa, anga imeachwa, Marekani imeachwa, na mungu wa mwanga ametupwa gizani. Hata mwelekeo umegeuzwa, maana roketi ilipanda na mwanaapolo anashuka. Kilichobaki ni umbali, hatari na hewa ya kuletewa. Ndivyo sitiari inavyofanya kazi kila mahali: hubeba sifa moja au mbili za kitu, zilizobaki ikazimwaga njiani. Swali la mtu wa isimu ni nani aliyechagua sifa za kubeba, na hapa jibu halina ubishi. Aliyechagua ni mtu aliyekuwa amening'inia kwenye kamba.

Halafu kuna kile kiambishi. Apolo hakuachwa peke yake. Amepewa "mwana", akaingizwa katika ukoo wa mwanajeshi, mwanamaji na mwanahewa. Ukoo huo ulikuwepo kabla ya roketi hiyo. Mtu akiitwa mwana wa kitu, ana wenzake, ana nidhamu ya kundi, na mara nyingi ana hatari ya pamoja. Aprili 1998, mvua zilipojaza maji migodini, wanaapolo kwa makumi walikufa kwa mkupuo mmoja, wakaliliwa kama watu wa kikosi kimoja. Kiingereza hakikuwa na la kusema katika kuliunda neno hilo. Kilitoa jina tu.

Nisilipambe sana. Katika maduara hayo hayo wavulana wadogo wanaopenya kwenye vishimo vyembamba wameitwa nyoka. Hiyo nayo ni sitiari, tena ya Kiswahili kitupu, na kazi yake ni kufanya utumikishwaji wa mtoto usikike kama sifa ya wepesi wake. Tamathali si pambo tu. Inaweza kuficha.

Sasa tuligeukie neno lililosafiri upande wa pili. "Safari" tulilipata kwa Waarabu, tukalilea hata likawa letu, na katika karne ya 19 Waingereza wakalikuta katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, ni miongoni mwa wa kwanza kulitia katika maandishi ya Kiingereza. Kwake lilikuwa msafara wenyewe: wapagazi, mahema, mizigo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akaja Afrika Mashariki kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Magazeti ya kwao yakamfuata hatua kwa hatua, na neno likaanza kunuka baruti. Ernest Hemingway akawinda Tanganyika kati ya 1933 na 1934, akaandika kitabu. Mwaka 1962 Hollywood ikatoa filamu ya John Wayne iliyopigwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu, Momella chini ya Mlima Meru, ikaipa jina la Kiswahili, Hatari! Kadiri miaka ilivyokwenda, bunduki ikaipisha kamera. Leo Mwingereza ana koti la safari, na tangu 2003 kampuni ya Apple ina programu ya kuperuzia intaneti iitwayo Safari, ambayo mtu huitumia akiwa amekaa kwenye kiti chake. Msafara wa miguu umeishia kuwa kidole juu ya kioo.

Kiswahili nacho hakikukaa bure. Nenda soko la Kilombero, mama atakwambia, "Safari hii vitunguu vimepanda." Hakuna aliyesafiri. Safari hapo ni mara, ni zamu, ni awamu. Mwingereza ametembea na neno hilo kwa zaidi ya miaka 150 na maana hiyo hana.

Na sasa wasikilizeni madereva wanaoongoza watalii. Mgeni anashuka KIA anasema amekuja safari. Dereva anayempokea anapigiwa simu na mwenzake, anajibu, "Nina tripu ya siku saba, kesho naingia Tarangire." Wamo ndani ya gari moja, wanazungumzia mwendo mmoja, na mgeni ametumia neno la Kiswahili, mwenyeji neno la Kiingereza! Wapo wanaocheka wakisema huo ni ulimbukeni. Mimi sioni ulimbukeni wowote. Kwa dereva, "safari" ni ya mtu yeyote: ya kwenda Singida kumwona shangazi, ya mwisho ya marehemu. Tripu ni kazi. Ina idadi ya siku, ina posho, ina wageni, ina bakshishi au haina. Alihitaji neno la kutenganisha mwendo wa maisha na mwendo wa mshahara, akalichukua lililokuwa karibu.

Mfuateni huyo huyo tripu mpaka kwenye lori la mchanga. Dereva wa lori anasema, "Leo nimepiga tripu tatu." Hapo bado ni mwendo unaohesabiwa, na Mwingereza pia angemwelewa. Lakini fundi anapokwambia msingi wa nyumba yako unataka tripu nane za mchanga na mbili za kokoto, hazungumzii mwendo tena. Anazungumzia ujazo. Utamlipa kwa tripu kama unavyolipa maziwa kwa lita, na mkigombana, mtagombana juu ya kimo cha bodi ya lori, si juu ya umbali wa machimbo. Mwendo umekuwa kipimo.

Linganisheni na mama wa Kilombero. Safari imetoka katika mwendo ikawa hesabu ya nyakati. Tripu imetoka katika mwendo ikawa hesabu ya mali. Njia ni ile ile. Dereva wa lori hakusoma kamusi ya Kiingereza wala hakuandika tasnifu. Alipita palipokwisha kukanyagwa na lugha yake.

Mfano mwingine nitaupitia upesi. Wamisionari wa Leipzig walifika Meru mwaka 1896, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa mwaka huo huo. Kituo kilikuja kusimama miaka michache baadaye. Tangu hapo misheni, neno ambalo Mjerumani na Mwingereza wote wanalo, likawa kwetu ni mahali: kanisa, shule, zahanati, miti iliyopandwa kwa mstari. Vijana wa mjini wakaja na mishe, wakairudufu ikawa mishemishe, yaani mahangaiko ya kutafuta riziki yasiyo na ofisi wala ratiba. Kurudufu neno ili kuonyesha wingi usiotulia ni ufundi wetu wa zamani: hekaheka, harakaharaka, pitapita. Sidhani kama kuna mmisionari angelitambua neno lake likiwa limevaa hivyo.

Nimesema neno likilazimishwa njia ya Kiingereza hulegea. Arusha ni mji wa mikutano, na kumbi zetu zina Kiswahili chake. Mwingereza ana neno challenge. Asili yake, kupitia Kifaransa cha kale, ni Kilatini, nalo lilikuwa shutuma. Baadaye likawa wito wa kupigana, kisha kazi ngumu inayompandisha mtu ari, na mwishowe, katika adabu za ofisini, likawa tatizo lisilotakiwa kuitwa tatizo. Ni historia ndefu na kila hatua ina sababu yake kwa wenyewe. Sisi tumelipa "changamoto" kazi ya kutafsiri neno hilo, kisha tukainunua ile hatua ya mwisho peke yake. Kijiji hakina maji tangu kiangazi kilipoanza: changamoto ya maji. Fedha zimeibwa: changamoto ya usimamizi. Neno ambalo lingeweza kumwamsha mtu sasa linamlaza. Na kuna ile "mwisho wa siku", iliyofasiriwa neno kwa neno kutoka at the end of the day ya Mwingereza, ambayo nimemsikia msemaji mmoja akiitumia saa nne asubuhi, chai ya kwanza bado haijaletwa. Maneno yote ni ya Kiswahili safi, hakuna hata herufi ya kigeni, na bado ni Kiingereza kuliko tripu. Wenzangu wanaolinda lugha kwa kukamata maneno yenye sura ya kigeni wanakagua mlango usiopitwa na mwizi.

Kuna wakati swali la maana ya neno, katika jiji hili, halikuwa la darasani. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi zake hapa Arusha, katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC), mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Majaji walisikiliza kwa Kiingereza na Kifaransa. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilibidi ijulikane watu walimaanisha nini waliposema inyenzi. Kwa kamusi, inyenzi ni mende. Katika miaka ya 1960 waliitwa hivyo wapiganaji wakimbizi waliovuka mpaka usiku kushambulia. Kufikia 1994 jina hilo walikuwa wakiitwa Watutsi, watoto wakiwemo. Mkalimani aliyesema "mende" hakukosea, lakini mtu angeweza kuachiwa au kufungwa maisha kwa tofauti iliyobaki. Mahakama ikamsikiliza Mathias Ruzindana, mtaalamu wa isimu kutoka Rwanda, na hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ina sehemu inayochambua maneno ya aina hiyo moja baada ya jingine: lilisemwa lini, na nani, kwa nani, kukiwa na hali gani. Akayesu alitiwa hatiani, na hiyo ikawa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kilichowasaidia majaji ni kwamba alikuwepo mtu aliyeweza kueleza maana kwa mwaka wake na mahali pake. Sisi kwa maneno yetu ya kazi hatuna hazina ya namna hiyo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza 1981, na kamusi nyingine nzuri zimefuata, lakini mwanafunzi akitaka kujua ni lini tripu ilianza kupimia mchanga, hana pa kutazama.

Kwa hiyo wanafunzi, ombi langu kwenu ni la daftari na kalamu. Nendeni gereji, stendi, kwenye matanuri ya matofali, kwenye ofisi za utalii, na kwa wazee wa Mererani. Andikeni neno, andikeni sentensi nzima lilimotamkwa, nani kalisema, anafanya kazi gani, wapi, mwaka gani alilisikia kwa mara ya kwanza. Msisahihishe kitu. Anzeni na Mererani, kwa sababu waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 1969 sasa wamepita 70, na Jumanne Ngoma mwenyewe alifariki 2019. Mkishajaza daftari, zileteni idarani. Tutazipokea hata kama mwandiko ni mbaya.