Kwa Nini Kijana Hujiumiza Mwenyewe?

Mazungumzo kwa wazazi, walezi na wanakisomo wa Karagwe na Kyerwa



Leo hatuzungumzi habari za mnyauko wa migomba wala bei ya kahawa. Tunazungumza habari za watoto wetu. Jambo lenyewe ni zito, na wengi wetu tunaona haya kulitaja.

Wapo vijana, wa kike na wa kiume, wanaojiumiza mwili makusudi, tena kwa siri. Siku mzazi anapoona makovu, hushtuka. Mmoja husema, "Mtoto huyu amelogwa." Mwingine husema, "Anajidekeza tu." Wa tatu huchukua fimbo. Je, yupi kati yao amemsaidia mtoto? Hakuna hata mmoja.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 2020 watafiti walikusanya tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi za Afrika, kusini mwa Sahara. Waliona kwamba, kwa wastani wa tafiti hizo, kama vijana 17 katika kila 100 walisema wamejiumiza katika muda wa mwaka mmoja. Basi shule yenye wanafunzi 300 yaweza kuwa na watoto wengi wa namna hiyo, na mwalimu asijue.

UBONGO WA KIJANA

Tuanze na ubongo. Ndani kabisa ya ubongo kuna viungo viwili vidogo, kila kimoja kama harage kubwa. Wataalamu huviita amigdala. Kazi yake ni kama ya mbwa wa mlinzi. Kukiwa na hatari hubweka: hofu, hasira, uchungu. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine. Hiyo ndiyo inayopima mambo, inayosema, "Ngoja kwanza, fikiri."

Tangu mwaka 1991 daktari mmoja wa Marekani, Jay Giedd, na wenzake walianza kupiga picha bongo za watoto kwa mashine ya sumaku. Waliwapiga picha tena na tena kadiri walivyokua. Wakaona kwamba sehemu ile ya mbele huchelewa kukomaa. Siku hizi wataalamu husema huendelea kukomaa mpaka kama miaka 25.

Sasa fikirini baiskeli iliyobeba mikungu minne ya ndizi, inashuka mlima. Mzigo ni mzito, mteremko ni mkali, na breki bado hazijakazwa sawasawa. Ndivyo alivyo kijana. Hisia zake ni nzito kama za mtu mzima, lakini breki zake bado. Si kwamba ni mjinga. Hata kahawa haizai mwaka ule ule inapopandwa.

KWA NINI AJIUMIZE?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Mtu mwenye uchungu, kwa nini ajiongezee uchungu?

Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake, huko Marekani, waliwapa watu mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Katikati ya mchezo mtu mmoja alianza kunyimwa mpira, kana kwamba ametengwa. Picha za ubongo wake zilionyesha kwamba sehemu inayohusika na maumivu ya mwili nayo iliamka. Maana yake nini? Kutengwa, kudharauliwa, kuchekwa mbele za watu, ni maumivu kweli kweli. Ubongo huyasikia kama jeraha.

Tena mwili wetu hutengeneza dawa yake yenyewe ya kutuliza maumivu. Mkulima hujikata kwa jembe shambani, akaendelea kulima, akaja kusikia maumivu baadaye. Ni kazi ya dawa hiyo. Mwaka 2010 Barbara Stanley na wenzake walipima maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Watu waliokuwa na tabia ya kujiumiza walikuwa na dawa hiyo kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo wataalamu wengi huona kwamba kijana hujiumiza ili moyo utulie.

Lakini utulivu huo ni wa muda mfupi sana. Baadaye huja aibu, na uchungu ule ule hurudi. Akirudia mara nyingi, hugeuka mazoea ambayo ni magumu kuacha. Ni sawa na kumwaga maji juu ya paa wakati moto uko jikoni.

Wengi wa vijana hawa hawataki kufa. Hata hivyo tusilichukulie jambo hili kama mchezo. Anayejiumiza yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujiua siku za mbele. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua duniani. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo.

UBONGO PEKE YAKE HAUTOSHI

Moto hauwaki bila kuni. Kuni hizo ni nini? Ni kufiwa na wazazi, kupigwa kupita kiasi, kunajisiwa, kuchekwa shuleni, na kukosa wa kuongea naye.

Sisi wa Kagera tunajua habari ya kufiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walijulikana katika mkoa wetu mwaka 1983. Ugonjwa huo ulituachia yatima wengi. Tuliwapa chakula na daftari, tukadhani yamekwisha. Ndugu zetu wa Nshamba, wilaya ya Muleba, waliona mbali zaidi. Mradi wa Humuliza, ulioanza miaka ya 1990, uliwafundisha walimu na walezi kusikiliza huzuni ya yatima. Jina lenyewe lina maana ya kufariji.

TUFANYE NINI?

1. Tusimpige wala kumtangaza kijijini. Fimbo huongeza mzigo kwenye baiskeli ile ile.

2. Tumwulize kwa upole, mahali pa faragha: "Mwanangu, naona una uchungu. Nieleze." Kuuliza hakumfundishi kujiumiza. Kama mzazi anashindwa, shangazi, bibi au mjomba anaweza.

3. Jeraha litibiwe zahanati, bila matusi.

4. Dawa za kahawa, za maharage na za hospitali zifungiwe kwa ufunguo.

5. Tumpeleke kwa wataalamu. Karagwe tuna hospitali ya Nyakahanga, na Kyerwa tuna hospitali ya Isingiro. Yupo pia ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Simu ya watoto ni namba 116, na haitozwi pesa.

6. Akisema anataka kufa, tusimwache peke yake hata kidogo. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, breki hukazwa. Huko Norwei, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, vijana 77 waliokuwa wakijiumiza walitibiwa kwa majuma 19. Wote walisaidiwa, lakini waliofundishwa hatua kwa hatua namna ya kuzikabili hisia zao walipunguza kujiumiza kuliko wenzao. Wazazi wao nao walifundishwa pamoja nao.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Tusifiche. Mtoto anayesikilizwa leo, kesho ataweza kusikiliza wa kwake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini breki za kijana huchelewa kukaza?
2. Katika kijiji chetu, kijana mwenye uchungu humwendea nani?
3. Nyumbani kwako dawa za shamba zinawekwa wapi?