Kopo lililogongwa chini



Juma hili tumesoma Kumbukumbu la Torati 25, mstari wa 13 hadi 16. Mungu anawakataza Waisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo, au vipimo viwili nyumbani. Tuangalie vizuri: hawakukatazwa kuvitumia tu, walikatazwa hata kuwa navyo. Walimu wa Wayahudi, katika kitabu chao cha Talmudi, wanasema kipimo pungufu kisikae nyumbani hata kama kinatumika kukojolea usiku. Tusicheke. Siku soko likiwa gumu, mkono utakitafuta.

Sisi wa Kalemie hatuhitaji kufafanuliwa. Unga wa mihogo, mahindi, ndagala, vyote tunapimiana kwa kopo. Kuna kopo zima, na kuna lililogongwa chini mpaka kitako kimeingia ndani. Ukiyatazama kwa nje, yote ni sawa. Mishna, sheria zao zilizokusanywa karibu mwaka 200, inamwambia mwenye duka asafishe vipimo mara 2 kwa juma, maana kinachoganda ndani kinakula sehemu ya mnunuzi. Tena pale desturi ni kujaza kwa kilima, usisawazishe, hata ukisema utapunguza bei.

Lakini lililotushika zaidi ni hili. Walimu hao walisema dhambi ya vipimo ni nzito kuliko hata uzinzi, kwa sababu toba yake ni ngumu. Aliyeiba mbuzi wa jirani anajua pa kumrudisha. Aliyepunja watu kwa kopo miaka 10 amemwibia nani? Mama aliyeshuka kwenye boti kutoka Moba, akanunua, akaenda zake. Mtoto aliyetumwa na franka mkononi. Konzi moja hapa, konzi moja pale. Hata akilia kanisani, unga wa yule mtoto haurudi.

Je, mlango umefungwa? Hapana. Talmudi hiyohiyo, ikisema juu ya watoza ushuru, inafundisha: uliowajua, warudishie; usiowajua, fanya kazi ya faida kwa wote, kama kuchimba visima. Hapa kwetu, ambapo wengi wanachota maji ya ziwa na kipindupindu hakiishi kurudi, tunajua thamani ya kisima. Huenda yule uliyempunja akanywa humo, nawe usimtambue.

Zakayo naye alikuwa mtoza ushuru. Katika Luka 19 alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa aliowadhulumu akaahidi mara 4. Tusichanganye mambo hayo mawili. Mwenye kudaiwa na mjane wa avenue yake asikimbilie kuchangia bomba la maji la mtaa ili jina lake lisomwe kanisani. Aanze kwa mjane, akiwa na unga mkononi, uliopimwa kwa kopo zima.