Kiti cha Jaji na Mizani ya Wapunjaji

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kuhukumu Naye hahukumiwi. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema.



Baadhi yenu mlituuliza juu ya Surat Al-Mutaffifin, mkitaka kujua iwapo onyo lake linawahusu wauza nafaka na wapima nguo peke yao. Tuliahidi kulijibu swali hilo, na leo tutalijibu kwa mfano wa mbali, wa Marekani, ambako watu wenye elimu na katiba iliyoandikwa walipunjana hadharani kwa ajili ya viti vya majaji. Nanyi mtaona kwamba kupunjana huko kulifika mpaka milangoni mwetu.

Kwanza tufahamu viti hivyo hujazwaje. Mahakama ya Juu ya Marekani ina viti tisa tangu mwaka 1869. Jaji akishaingia hukaa mpaka afe, astaafu kwa hiari yake, au aondolewe kwa kosa kubwa. Katiba yao inamtaka Rais ateue, na Baraza la Seneti liridhie au likatae. Juu ya mwaka wa uchaguzi katiba haikusema neno. Basi pale iliponyamaza ndipo wanasiasa waliposema, na kila mmoja akasema lile lililomfaa siku ile.

Tarehe 13 Februari 2016 Jaji Antonin Scalia alifariki dunia huko Texas. Rais alikuwa Barack Obama wa chama cha Democratic, na Seneti ilikuwa mikononi mwa chama cha Republican. Uchaguzi ulikuwa bado takriban miezi tisa. Siku hiyo hiyo, maiti haijazikwa, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, Mitch McConnell, alitangaza kwamba kiti kisijazwe mpaka apatikane Rais mpya, ili wananchi wapate kusema. Mwezi Machi Obama alimteua Merrick Garland, jaji mzoefu wa mahakama ya rufaa. Seneti haikumkataa, maana kumkataa kungetaka kwanza kumsikiliza. Aliachwa tu. Zilipita siku 293 pasipo kuitwa mbele ya kamati hata mara moja, na uteuzi ukafa wenyewe Januari 2017. Aprili ya mwaka huo kiti akapewa Neil Gorsuch, mteule wa Rais Donald Trump.

Sasa tazameni upande wa pili wa mizani. Tarehe 18 Septemba 2020 alifariki Jaji Ruth Bader Ginsburg. Safari hii uchaguzi haukuwa mbali kwa miezi tisa, ulibakiwa na siku 46. Seneti ilikuwa bado chini ya McConnell, na Rais alikuwa wa chama chake. Amy Coney Barrett alitangazwa tarehe 26 Septemba na kuidhinishwa tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48, siku nane kabla ya uchaguzi, ambapo mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kupiga kura za mapema. Ile sauti ya wananchi iliyohifadhiwa kwa heshima mwaka 2016 haikutafutwa tena. Seneta Lindsey Graham alikuwa amesema mwaka 2016 kwamba hali kama hiyo ikimtokea Rais wa chama chake, watu wayatumie maneno yake dhidi yake. Mwaka 2020 yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyomsikiliza Barrett.

McConnell alijitetea kwamba mwaka 2016 Rais na Seneti walikuwa wa vyama tofauti, na mwaka 2020 walikuwa wa chama kimoja. Sisi hatubishani naye katika uwezo wa kisheria. Seneti ilikuwa na uwezo huo mara zote mbili. Tunalosema ni kwamba mwenye uwezo wa kutenda jambo hana ruhusa ya kulivika sababu ya uongo.

Wala uadilifu hauturuhusu kukilaumu chama kimoja tukanyamaza juu ya cha pili. Mwezi Juni 1992 Joe Biden, akiwa mwenyekiti wa kamati ile ile, alisimama katika Seneti akasema kwamba nafasi ikitokea kabla ya uchaguzi, Rais Bush asiteue mtu mpaka kura zipigwe. Mwaka 2016, akiwa Makamu wa Rais, alidai Garland asikilizwe. Na mwaka 2013 ni chama cha Democratic kilichopunguza idadi ya kura zilizohitajika ili kuwapitisha majaji wa mahakama za chini. Mwaka 2017 Republican wakalishika jembe hilo hilo wakalima nalo hadi Mahakama ya Juu.

Ndugu zetu, hii ndiyo tatfifi. Sura ile inamkemea mtu mwenye vipimo viwili, kikubwa cha kupokelea haki yake na kidogo cha kutolea haki ya mwenzake. Haijalishi kinachopimwa ni mtama au ni kanuni.

Mtu atauliza: yatuhusu nini sisi? Tarehe 26 Juni 2018 Mahakama hiyo iliamua kesi ya marufuku ya kusafiri, iliyowazuia watu wa nchi kadhaa, nyingi zao za Kiislamu, zikiwemo Yemen na jirani zetu wa Somalia. Marufuku ilithibitishwa kwa kura tano dhidi ya nne, na mmoja wa wale watano alikuwa Gorsuch. Garland angeamua vipi hatujui, na ghaibu ni ya Allah. Lakini ziko familia za Kisomali zilizokuwa na mume huku na mke kule, na mlango wao ulifungwa kwa tofauti ya kura moja, kutoka katika kiti kilichogombaniwa namna hiyo. Januari 2020 amri iliongezewa nchi nyingine, na Watanzania wakazuiwa kuingia kwa bahati nasibu ya viza. Rais Biden aliifuta Januari 2021, na Juni 2025 amri ya namna hiyo ikarejea, Somalia ikiwemo, na Burundi ikiwekewa masharti. Watu hawa hawakuwa na kura katika uchaguzi wowote tulioutaja.

Tena tusiwacheke walio mbali. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majina 41 ya majaji mwaka 2019, nayo yakakaa Ikulu karibu miaka miwili. Juni 2021 waliteuliwa 34 na sita wakaachwa nje, miongoni mwao wawili walioshiriki, mwezi mmoja tu kabla, kuubatilisha mpango wa Rais wa kuibadili katiba. Walisubiri mpaka Septemba 2022, baada ya uchaguzi kumleta Rais mwingine.

Wema waliotutangulia walikiona kiti hiki kuwa ni moto. Imamu Abu Hanifa (Rahimahullah) alitakiwa na Khalifa al-Mansur awe kadhi, akakataa, akisema kwamba hafai. Inasimuliwa kuwa Khalifa alimwambia, "Unasema uongo." Imamu akajibu kwamba ikiwa ni hivyo basi haijuzu kumpa ukadhi mtu mwongo. Alitiwa gerezani, na alifariki mwaka 150 Hijria. Hapo walikuwa wakikimbizana na wanaokikimbia kiti.

Na sisi wenyewe tusijitoe katika hesabu. Tuliwahi kukaa katika kamati ya msikiti mmoja, nasi hatutautaja, ilipotokea nafasi ya uimamu. Lilipoletwa jina la kijana tusiyemtaka, tulisema si vema kumsimamisha imamu Ramadhani ikikaribia, waumini wangoje mpaka baada ya Idi. Alingoja, na baada ya Idi tukapata sababu nyingine. Mwaka uliofuata alipopatikana mtu wetu, tulimsimamisha wiki moja kabla ya mwezi kuandama, na hapana miongoni mwetu aliyeyakumbusha maneno ya mwaka uliopita. Wote tuliyakumbuka.

Kijana yule bado anasali pale, safu ya pili, na salamu anatupa. Hatujamwomba radhi. Tumekubaliana kumwendea kabla ya Ijumaa ijayo, inshaallah, na tunawaomba dua zenu.

Wabillahi tawfiq.